Kura sita zisizowezekana

Ndugu zangu wasomaji, nimeadimika kidogo. Wengine mmeuliza kama nimehama mji au nimefunga ndoa kimya kimya bila kuwaalika. Hapana. Nipo, Dar es Salaam hii hii ya joto na foleni. Nilikuwa nimekaa na jambo moja linalonisuta, nikaona nisipoliandika litanikaa kooni. Jambo lenyewe ni hesabu.

Usiondoke! Si hesabu ngumu. Ni ile ya namba shufwa na namba witiri tuliyofundishwa shule ya msingi, tukaijibu kwenye mtihani, kisha tukaisahau. Mimi na hesabu tuliachana kidato cha nne bila kudaiana. Nilidhani nimekimbilia uandishi wa habari ambako nitahesabu maneno tu. Kumbe hesabu ina miguu, ilinifuata.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Nipo ndani ya daladala, nimesimama, mkono mmoja juu na mwingine umeshika simu. Ukaingia ujumbe wa mama: "Tumeshindwa kwa kura 6. Tulikuwa 43, wote tumepiga, hakuna iliyoharibika. Mungu atajua ada ya mdogo wako."

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mama ni mwanachama wa kikoba cha akina mama mtaani kwetu. Wanakutana kila Jumamosi, wananunua hisa, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanavunja kikoba, kila mtu anaondoka na chake. Safari hii likaja pendekezo kwamba mwaka huu wasivunje. Fedha zote zikae, wanunue kiwanja cha pamoja nje ya mji. Wazo si baya. Lakini hisa za mama zilikuwa zimefika shilingi 1,140,000, na fedha hizo zilikuwa zimeshapangiwa kazi: ada ya chuo ya mdogo wangu. Pendekezo likipita, ada haipo. Ndiyo maana mama alipiga kura ya hapana, na ndiyo maana ujumbe wake ulikuwa mzito.

Nikausoma mara ya pili. Kura 6. Watu 43. Hakuna iliyoharibika. Kuna kitu kikanigusa begani, kama konda anayedai nauli. Watu 43 wote wamepiga kura, ndiyo au hapana, halafu tofauti iwe 6? Haiwezekani.

Nikajaribu kichwani. 24 kwa 18? Hiyo ni 42. 25 kwa 19? Hiyo ni 44. Nikashuka kituo kisicho changu, nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa, nikatoa kalamu. Hakuna namna.

Hebu tukumbushane. Namba shufwa ni ile inayogawanyika kwa mbili bila kubaki kitu: 2, 4, 6, 8. Witiri ni ile ambayo ukiigawa kwa mbili inabaki moja: 1, 3, 5, 7. Ukiwapanga watu wawili wawili, shufwa wote wanapata wenzao, witiri mmoja anabaki peke yake. Basi. Kutoka hapo sheria zote zinajileta zenyewe. Shufwa ukijumlisha na shufwa unapata shufwa, kwa sababu hakuna aliyebaki peke yake upande wowote. Shufwa na witiri unapata witiri, yule mpweke bado yupo. Witiri na witiri unapata shufwa, kwa sababu wapweke wawili wamekutana, wameshikana mikono. Kwenye kuzidisha, witiri mara witiri ni witiri, lakini ikiingia shufwa hata moja tu, jibu lote linakuwa shufwa.

Sheria hizi ni za kale. Euclid, Mgiriki anayehusishwa na mji wa Alexandria kule Misri, aliziandika miaka kama 300 kabla ya Kristo katika vitabu vyake vya hesabu, na akazitolea uthibitisho moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mimi kwenye benchi la kahawa nilikuwa nashika kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Sasa turudi kwenye kura. Chukulia watu wote 43 wamesema ndiyo. Tofauti ni 43. Mmoja akibadili mawazo akaenda hapana, ndiyo wanakuwa 42, hapana 1. Tofauti imekuwa 41. Haikupungua kwa moja, imepungua kwa mbili, kwa sababu kura ile imetoka upande mmoja na kuongezeka upande wa pili. Akihama mwingine inakuwa 39, halafu 37, na kuendelea hadi 22 kwa 21, tofauti 1. Unaona? Inaruka mbili mbili. Ilianza witiri, itabaki witiri. Hata wakihama usiku kucha, 6 hawatakutana nayo.

Wazee wanaocheza bao wanalijua jambo hili bila kuandika popote. Bao la kiswahili lina kete 64. Kete hazitoki mchezoni. Unazila, unazipanda upande wako. Kwa hiyo wewe ukiwa na 31, mwenzako ana 33. Ukiwa na 40, ana 24. Haijatokea wewe uwe na shufwa na yeye awe na witiri. Ukihesabu ukakuta hivyo, usigombane na mwenzako. Tafuta chini ya mkeka, kuna kete imedondoka.

Laiti ningekumbuka sentensi hiyo ya mwisho Jumamosi ile.

Badala yake nilifanya nini? Nilifurahi. Nasema kweli. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti. Niliona habari. Nilimwona mama na ada yake, nikamwona katibu wa kikoba akichezea kura ili kiwanja kinunuliwe, na nikajiona mimi, mwandishi kijana, nimemnasa kwa hesabu ya darasa la pili. Nilipofika nyumbani sikula. Niliandika maneno 300 moto moto, kichwa cha habari kikawa "Kura sita za ajabu". Sikumtaja katibu kwa jina, lakini kila mtu wa mtaa ule angemjua. Nilimtumia mhariri ujumbe: nina kitu kizuri, niachie nafasi ukurasa wa 3.

Kwa nini ukurasa wa 3? Nayo ni shufwa na witiri. Kwenye gazeti letu, na karibu magazeti yote yanayosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kurasa za kulia ni witiri na za kushoto ni shufwa. Ukifungua, jicho linaanguka kulia. Sisi wadogo tunazimezea mate kurasa za witiri. Na kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4, gazeti haliwezi kuwa na kurasa 15. Chukua la kurasa 16: karatasi ya nje kabisa ina ukurasa wa 1, 2, 15 na 16. Jumlisha 1 na 16 ni 17. Jumlisha 2 na 15 ni 17. Shufwa na witiri, jumla witiri, kila mara. Ukweli niliokuwa nautumia kumshtaki mtu ulikuwa umelala kwenye meza yangu ya kazi siku zote.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti wa kikoba. Mama wa makamo, mpole, mwenye duka la nafaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mama yako amekutuma?"

Nikasema hajanituma, na ni kweli. Nikamweleza kuhusu 43 na 6. Akanisikiliza, akapima maharage kilo moja akiwa ananisikiliza, akampa mteja chenji, halafu akauliza swali ambalo mhariri wangu angeliuliza: "Sasa kwa hesabu hiyo, aliyekosea ni nani?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na jibu. Hesabu yangu ilisema kuna kosa. Haikusema liko wapi. Pengine waliopiga kura hawakuwa 43. Pengine kura ziliongezwa, pengine zilipungua. Pengine katibu alikosea kutoa. Pengine mama alisikia vibaya. Hesabu ilikuwa imeninyooshea kidole ndani ya chumba chenye watu 43, lakini haikumgusa yeyote. Jina la katibu nilikuwa nimelitia mwenyewe.

Mwenyekiti akatuma mtoto awaite wajumbe. Mchana wanawake wakajaa uani, wengine wakitoka kanisani, wengine na vitenge vya nyumbani. Kura zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa gundi ya karatasi, limefungiwa ndani ya sanduku la kikoba. Sanduku lile lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Zikafunguliwa zote. Katibu, dada mmoja mwembamba anayefundisha chekechea, akahesabu kwa sauti mbele ya watu. Ndiyo, 24. Hapana, 18. Akageuza kopo, akaligonga chini. Tupu.

"Ishirini na nne toa kumi na nane, sita," akasema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Ndivyo nilivyosoma jana."

Na kweli ndivyo alivyosoma. Mwenyekiti alimwomba asitaje kura za kila upande, ataje tofauti tu, ili walioshindwa wasijisikie vibaya. Karatasi 43 ziligawiwa, watu 43 walikuwapo. Katibu alitoa, hakujumlisha. Angejumlisha angepata 42 na angeshtuka mwenyewe. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

Ilipotea karatasi moja. Minong'ono ikaanza. Jicho moja moja likaanza kumwelekea yule dada, nami nikajua kuwa macho yale nimeyaleta mimi.

Ndipo alipoinuka bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma karibu na ukuta. Nitamwita Bibi wa Vitumbua, maana hiyo ndiyo kazi yake, na sisi watoto wa mtaa ule tumekua kwa vitumbua vyake. Akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Kwenye fundo mlikuwa na sarafu mbili tatu, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akainyoosha mbele ya mwenyekiti. Haikuwa na alama yoyote.

"Yangu hii hapa," akasema. "Nilikuwa namsubiri mjukuu wangu anisomee. Nilipoona mmeshafunga kopo nikaona aibu kusema."

Uani pakawa kimya. Miaka yote ile ya kikoba, hakuna aliyekuwa anajua kuwa Bibi hajui kusoma. Hisa zake anazijua kwa kichwa. Madeni ya wateja wake anayajua kwa kichwa. Karatasi yenye maneno mawili, NDIYO na HAPANA, ilikuwa imemshinda, na hakuna aliyefikiri kumuuliza. Walipoulizwa kama wote wamepiga, watu waliitikia "ndiyo" kwa pamoja, na yeye akanyamaza.

Mwenyekiti akamuuliza kwa upole anasemaje. Akasema hapana, wavunje kikoba, yeye ni mzee na kiwanja hatakiona. Ikawa 24 kwa 19. Jumla 43, witiri. Tofauti 5, witiri. Hesabu ikakaa sawa. Pendekezo likapita vile vile.

Ndiyo, ndugu zangu, mama alishindwa mara mbili. Ada ya mdogo wangu ilipatikana kwa mkopo kutoka kikoba hicho hicho, na nusu yake nailipa mimi mpaka leo. Sikuandika habari ile. Niliyafuta yale maneno 300, nikamwambia mhariri hakuna kitu. Kisha nikamfuata yule dada wa chekechea nikamwomba radhi. Alishangaa, maana hakuwa ameyasoma. Nikamwambia naomba radhi kwa niliyotaka kuandika. Akacheka kidogo, akasema, "Siku nyingine njoo uulize kwanza." Mimi ndiye ninayelipwa kuuliza maswali, mnaona?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma soma kuhusu shufwa na witiri kama mtu aliyegundua kuwa ana ndugu asiyewajua. Maneno yenyewe yametoka Kiarabu, na wasomaji Waislamu wameshayajua muda mrefu. Swala ya witiri inayoswaliwa baada ya Isha inaitwa hivyo kwa sababu rakaa zake ni witiri, na Sura ya Al-Fajr, ya 89 katika Kurani, mwanzoni kabisa ina kiapo kwa shufwa na kwa witiri.

Nikasoma pia kuhusu sifuri. Wengi hatuna hakika sifuri iko wapi. Ni shufwa, kwa sababu ukiigawa kwa mbili hakuna kinachobaki. Mwezi Januari 2016 mji wa Delhi, India, ulipojaribu kupunguza moshi kwa kuruhusu magari ya namba witiri siku za tarehe witiri na ya shufwa siku za shufwa, ilibidi waseme wazi kuwa gari lenye namba inayoishia na 0 linahesabiwa shufwa.

Na kwenye kura sifuri ina kazi kubwa. Sare ni nini? Ni tofauti ya 0. Sifuri ni shufwa. Kwa hiyo watu wakiwa witiri na wote wakapiga kura kuchagua moja kati ya mawili, hawawezi kutoka sare. Ndiyo sababu Mahakama ya Juu ya Kenya ina majaji 7, si 6 wala 8. Mwaka 2017 katika shauri la uchaguzi wa rais, jaji mmoja aliugua wakabaki 6. Hapo sare ya 3 kwa 3 iliwezekana kabisa kihesabu. Tarehe 1 Septemba uamuzi ukatoka 4 kwa 2, uchaguzi ukafutwa. Tofauti ilikuwa 2, shufwa, kama inavyopaswa kwa watu 6.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kompyuta. Kompyuta inaandika kila kitu kwa 0 na 1. Katika mfumo wa zamani wa ASCII, herufi A ni 1000001. Zipo moja ngapi? Mbili, shufwa. Herufi C ni 1000011, zipo moja tatu, witiri. Mafundi walibuni ujanja mwepesi: ongeza tarakimu ya nane ya ulinzi ili idadi ya moja iwe shufwa daima. A unaiongezea 0, C unaiongezea 1. Anayepokea akikuta witiri, anajua kuna tarakimu imeharibika njiani. Ni hesabu ile ile ya kopo la maziwa.

Na ina udhaifu ule ule. Kwanza, inakuambia kuna kosa, haikuambii ni tarakimu ipi. Pili, na hili lilininyima usingizi, zikiharibika tarakimu mbili, ushufwa unarudi mahali pake na mlinzi anasema mambo shwari. Makosa mawili yanafichana.

Fikiria sasa. Mtaani kwetu wangekuwapo bibi wawili wenye karatasi kwenye pindo la khanga, zingehesabiwa kura 41. Tofauti ingesomwa witiri, labda 5, labda 7. Mama angenitumia ujumbe, ningesikitika, ningeshuka kituo changu, ningelala. Hakuna ambaye angejua. Wale wawili wangebaki na karatasi zao na aibu yao, na hesabu ingekuwa upande wa kimya.

Ni mara ngapi imekuwa hivyo? Ni mikutano mingapi nimeandika "wajumbe wote waliafiki" kwa sababu tu hesabu haikunishtua? Sijui mnalionaje ninyi. Mimi nimejiwekea utaratibu mdogo. Nikipewa tofauti naomba jumla, nikipewa jumla naomba pande zote mbili. Vikikataa kukubaliana, natafuta chini ya mkeka kabla ya kumtazama mtu usoni. Na vikikubaliana, bado nauliza kama kuna aliyebaki na karatasi.

Bibi wa Vitumbua sasa anasomewa kila kitu kwa sauti kwenye kikao, na si yeye peke yake. Walipoanza kusoma kwa sauti, wakajitokeza wengine wawili.

Wawili. Shufwa. Tafakari hilo.

Alamsiki.